Bunga Yenye Ilisonta Jirani Yangu

We mama wa kitambaa ya manjano, we mwenye unakaa pale mbele karibu na ngoma: bunga ya mu nyumba yako ilishasontaka muntu siku moya? Hapana? Unacheka! Cheka tu, mama. Mi ile ya kwangu ilisontaka. Ilimusonta jirani yangu, na kidogo tu banamuua juu ya kikombe moya ya bunga ya muhindi.

Bwana apokee sifa yake yote, bandugu zangu! Pasta aliniambia: "Kambo, bibi yetu, dakika kumi." Pasta, nimesikia. Lakini unaniyua.

Mi sikusomaka sana. Nilifika ku darasa ya pili, kisha baba akasema inatosha. Basi nitasema vile mudomo inasema. Nikipotea njia, mujukuu yangu Naomi iko pale, atanivuta nguo. Njo ye mwenye alinisukuma nisimame leo, mutayua juu ya nini.

Ile myaka nilikuwa ningali kijana, tuko tunaishi mu mutaa ya Katuba. Bwana yangu, Baba Chola, alikuwa anatumika mu fonderi, kule banayeyushaka shaba. Mutoto tulikuwa naye mumoya tu, Chola, binti wa myaka saba. Ku ngambo ingine ya lupango yetu, ile ukuta ya matete, alikuwa anakaa Mama Ngalula. Ye na bwana yake balitoka Kasai. Bwana yake alikuwa karani, muntu wa miwani na kravati, anasema "bonjour madame" hata kwa kuku yangu! Mama Ngalula alikuwa anatengeneza mikate ya mafuta, anauzisha pa robinet ya kartie, pale mutaa yote inachota mayi. Mikono yake ilikuwa mikubwa sawa ya mwanaume. Akitwanga sombe, majani ya muhogo, mu kinu yake, vikombe mu nyumba yangu vinalia.

Mi na ye tulikuwa na desturi moya: chumvi. Yangu ikiisha, napitisha kopo mu tundu ya matete, naita "Voisine!", ni kusema jirani. Yake ikiisha, ye njo anapitisha kopo. Hakuna mwenye alipima, hakuna mwenye alisema unirudishie. Ile tundu ya matete ilikuwa inakuwa mukubwa kila mwaka, na hatukuizibaka.

Kisha Katanga ikajitenga. Tukaambiwa sasa tuko inchi yetu peke yetu, na bendera yetu. Mi nilifurahi, sitasema uwongo hapa mbele ya Mungu, nilipiga kigelegele sawa bengine. Lakini bandugu, ile furaha ilikuya na kitu ingine nyuma yake. Mashaka! Muntu akikaa kimya, banasema anaficha kitu. Akisema mingi, banasema ni wa kutumwa. Ukiuza mikate mingi, banauliza ni nani unalisha. Na bantu ba Kasai, bale benye tulizikanaka nao, tulizalishanaka nao, bakakuwa "bale". Bale banafanya hivi, bale banafanya vile. Vijana ba kartie bakaanza kutembea na fimbo. Bakisikia jina moya inasemwa kwa sauti, nyumba ya mwenye ile jina inawaka.

Vita ikafika ku Luano, ku uwanja wa ndeke. Tulikuwa tunasikia mushindo sawa muntu anavuta kabati juu ya mbingu. Siku moya, mangaribi haiyafika, Chola iko pa robinet na ndoo yake, bombe ikaanguka karibu. Nilikimbia bila viatu. Nikamukuta amesimama, ndoo ku mukono, hata damu kidogo hakuna. Nikasema asante Mungu! Nikamubeba. Ni ku nyumba njo niliyua. Nilimuita kwa nyuma: "Chola!" Hakugeuka. Nikachukua sufuria, nikapiga na mwiko, pwaa! Hakugeuka. Mutoto alikuwa anaangalia inje vile tu, sawa muntu mwenye anangojea mutu.

Munganga ya hospitali alimuangalia mu masikio na taa, akasema: "Mama, ngojea. Sikio moya inaweza kurudia. Iko ya kungojea." Mi nikazania: huyu naye ananifukuza juu bagonjwa beko bengi. Nilikuwa na mashaka ya kila mutu, bandugu. Ya munganga, ya basoda, ya mayi ya robinet.

Mwenye sikukuwa na mashaka yake, sasa, njo mwenye ilifaa!

Mu kartie alikuya muntu mumoya, banamuita Docteur Shaba. Dawa ya majani hakuwa nayo, sindano hakuna. Kazi yake ilikuwa mulio. Alikuwa na bamba ya shaba ya kungaa, ya pembe ine, imepigiliwa musumari pa katikati, juu ya muguu ya mbao. Na alikuwa na upinde, ule mwenye bazungu banapigiaka violon, na manyoya yake ya farasi. Anapitisha upinde pa mudomo ya bamba, na shaba inaimba! Si kusema inalia. Inaimba. Meno yako inasikia. Tumbo yako inasikia. Anakuambia uegemeze mugongo pale, na ule mulio unaingia mu mifupa, unatembea. Bantu ba kichwa kuuma, ba mugongo, bote balikuwa banapanga mustari kwake.

Nikapeleka Chola. Docteur Shaba akamushikisha mikono ku muguu ya bamba, akavuta upinde. Na mutoto yangu akacheka! Tangu bombe hakuchekaka. Alifungua macho, akaweka shavu yake pa mbao, akacheka mupaka mate inatoka. Bandugu zangu, pale nilikwisha. Mama akiona mutoto yake anacheka, anaweza kumuamini hata nyoka.

Docteur akaniambia: "Mulio umeingia, mama. Lakini haupite. Kuko mutu amefunga masikio ya huyu mutoto. Shaba itamusonta."

Kisha akaniuliza maulizo, na sauti ya upole. Na mi, mudomo yangu hii! Mi mwenye nikiulizwa njia ya soko ninaelezea mupaka ndoa ya mama yangu!

"Nyumba yako inaangalia wapi, mama?"

"Inaangalia ku barabara."

"Ku mukono ya kuume ni nani?"

"Ni muzee mumoya wa kanisa, hasumbue mutu."

"Na ku kushoto?"

"Ku kushoto ni voisine, Mama Ngalula."

"Wa Kasai?"

"Ndiyo, wa Kasai."

"Aa," akasema.

Ile "aa" tu. Hakuuliza tena.

Kesho yake akakuya kwangu na bamba. Akasema bunga itoke mu nyumba yangu mwenyewe, ili nisiseme alileta yake. Nikamupa kikombe. Akaitawanya juu ya shaba, nyembamba sawa vumbi. Akashika mudomo ya bamba na kidole, akavuta upinde. Ee Bwana! Bunga ikasimama, ikatembea, ikakimbia yote pa mustari, na mustari moya ikanyooka, nyeupe, mupaka ku mwisho wa bamba, inasonta lupango ya matete. Inasonta kwa Ngalula.

Nilianguka chini. Docteur akasema: "Siku ya posho, pa robinet, mbele ya bote, bunga itasema tena, na we utataja jina yake kwa sauti. Bila jina, ugonjwa itatoka ku masikio, iingie ku macho."

Siku ya posho! Njo siku ya sita ya juma, na zilibakia siku ine. Na niliyua muzuri vijana ba fimbo batakuwa pale. Niliyua. Siwezi kusema leo ati sikuyua.

Zile siku ine, bandugu, nilikuwa muntu mubaya. Nilimuchungulia Mama Ngalula mu ile tundu ya chumvi. Akiimba, nasema: anaimbia nini? Akinyamaza, nasema: anafikiri nini? Alipatia Chola mukate, nikautupia kuku, kisha nikaangalia kama kuku itakufa. Haikufa, nikasema sumu ni ya polepole! Siku moya nikakuta Chola amekaa chini karibu na kinu yake, miguu imenyooshwa, mikono miwili juu ya udongo, na Mama Ngalula anatwanga, tu, tu, tu, na mutoto anatingisha kichwa mu ile mapigo. Nikamunyakua.

"Voisine, kuko nini?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Anapenda kinu. Anasikia na matako!" Akacheka kicheko yake mukubwa.

Mi sikucheka. Nikazania: angalia, anasema mwenyewe! Chumvi yangu ikaisha siku ile. Tulikula sombe bila chumvi siku mbili, Baba Chola anaangalia sahani, ananiangalia mi. Sikupitisha kopo.

Sasa Bwana akaingia, bandugu zangu! Na hakupitia ku malaika. Alipitia ku mutoto wa kuchezacheza.

Siku ya tano ya juma, kesho yake njo posho, saa sita ya muchana, niko nachunga bunga inje. Tulikuwa na kipande ya bati, Baba Chola aliipigilia musumari moya pa katikati juu ya kisiki, mi naanikia pale ndakala, bale samaki badogo. Chola alikuwa amejitengenezea upinde: kijiti ya kupinda na nyuzi za gunia, amepakaa ulimbo wa muti. Batoto, hakuna kitu habaige! Bunga ya kichungio ilimwangika juu ya bati. Akashika mudomo ya bati na kidole, akavuta upinde wake. Na bati ikalia, mbaya, sawa mbuzi. Na bunga ikatembea.

Nikaacha kichungio.

Bunga ikapanga mustari, na mustari ikaenda moya kwa moya mupaka pa kidole ya Chola. Akasogeza kidole. Akavuta. Bunga ikaacha pale pa kwanza, ikafuata kidole! Akasogeza tena. Ikafuata tena. Mutoto anacheka, mi naangalia kidole.

Lakini nimewaambia, nilikuwa muntu wa mashaka. Nikasema: ni shetani anacheza na mi. Nikachukua ule upinde wa gunia mi mwenyewe. Nikaweka kidole ku ngambo ya mulango: bunga ikasonta kitanda yangu. Nikaweka ku ngambo ingine: ikasonta velo, baiskeli ya Baba Chola. Ingine tena: ikasonta jogoo! Basi, jogoo njo alifunga masikio ya mutoto? Pale bati inashikwa, inanyamaza, na bunga inakimbilia pale penye kunyamaza, inaogopa kutingishwa sawa muntu yote. Ni ile tu. Docteur Shaba alishikaka bamba na kidole yake ku ngambo ya matete. Na ni nani alimuonyesha ku ngambo ya matete? Mi! Na mudomo yangu!

Nililia pale chini mu bunga. Nikasema: Bwana, kesho nilikuwa nakwenda kuua muntu.

Siku ya posho ikafika. Pa robinet bantu bamejaa. Mulango wa Mama Ngalula umefungwa, bwana yake alikuwa amekimbilia ku camp ya bale ba kukimbia kutafuta nafasi. Vijana ba fimbo beko mbele, mukubwa wao Kabwe, kijana mumoya wa shingo ndefu. Docteur akatawanya bunga, akashika bamba, akavuta upinde. Mustari ikanyooka ku nyumba ya Ngalula. Bantu: "Eeee!"

"Sema jina, mama!" Kabwe akanipigia kelele. "Sema tumalize!"

Nikasogea ku bamba. Nikasema: "Docteur, naomba kitu kimoya tu. Tosha kidole yako pale, iondoshe."

"Nini?"

"Tosha kidole. Weka huku, ku ngambo ya Kabwe. Kisha uvute."

"Mama, shaba haichezewe."

"Haichezewe, ndiyo. Lakini kama roho njo inasonta, kidole inafanya nini?"

Mama mumoya wa nyuma akasema: "Ni kweli, inafanya nini?" Na mwingine: "Atoshe tuone!" Unayua bamama ba Katuba, bakishika neno habaliachilie. Docteur akaanza kufunika bamba na kitambaa. Lakini Chola, mwenye hasikie makelele yote ile, alikuwa amefika pale mbele. Akafunua kitambaa, akaweka kidole yake kidogo ku mudomo ya shaba, ku ngambo ya Kabwe, akaangalia Docteur, anangojea, sawa batoto banangojea mucheso. Mi nikanyakua upinde mu mukono wa ule muntu, nikavuta.

Shaba ikaimba. Bunga ikaruka, ikatembea, ikanyooka. Ikasonta Kabwe pa tumbo!

"Mi?" Kabwe akaruka nyuma. "Mi niko mutoto ya hapa! Muulize mama yangu!"

Haki ya Mungu, bandugu, bantu balicheka! Mu ile vita, mu ile woga, balicheka mupaka kushika magoti. Mama moya anapiga kelele: "Kabwe, fungua masikio ya mutoto!" Kila mutu anataka kujaribu. Bunga ikasonta robinet, ikasonta mbwa, ikasonta muke wa Docteur mwenyewe, mwenye alisimama nyuma yake. Kabwe akatupa fimbo yake, akaenda bila kuaga. Docteur Shaba akabeba bamba yake kwa kwapa, na sikumuona tena. Nyuma ya pale tulisikia alikuwaka boyi ku nyumba ya mwalimu mumoya muzungu, mwenye alionyeshaka banafunzi ile mucheso ya bunga mu darasa. Mwalimu alikimbia, boyi akabakia na upinde.

Nikaenda kupiga hodi kwa Mama Ngalula. Alifungua kidogo, ameshika muti ya kutwangia.

Nikamuambia yote. Bunga, maulizo, mukate wa kuku, yote.

Akasema: "Niliyua."

"Uliyua namna gani?"

"Uliacha kunilomba chumvi."

Nikakosa mahali pa kuweka uso. Kisha akaniuliza, na hii ulizo, bandugu, inanilala mu kifua mupaka leo: "Kama mutoto hakuchezaka na bati, ungelisema jina yangu?"

Nilitaka kusema hapana. Mudomo, hii ya maneno mingi, ikakataa. Nikasema: "Ningelisema, voisine."

Akaweka muti ya kutwangia chini. Kisha akaingia ndani, akarudia na kopo imejaa chumvi, akaniwekea mu mikono. Hakusema amenisamehe. Aliniwekea chumvi.

Haikumaliza vita, ile siku. Bantu bengine balisema majina ingine, na Mama Ngalula na bwana yake balipanda treni ya Kasai sawa bengi. Kinu ilikuwa mukubwa, haikuingia mu treni, aliiachia Chola. Na sikio ya kushoto ya Chola ikarudia polepole, sawa munganga alisema, yenyewe, ya kungojea. Ya kuume haikurudia. Chola njo mama ya Naomi. Muko namuona Chola pale, amegeuza kichwa, anasikiliza na ile moya.

Basi Bwana aliniponya mi kabla ya mutoto! Alinitosha mu mashaka, akanitosha damu mu mikono haiyaingia. Asifiwe! Na mulio siukatae, bandugu. Naomi alinipeleka juzi ku Karavia, ku nyumba moya banapiga mabakuli ya shaba karibu na magoti yako. Magoti ilisikia muzuri, nililala usingizi. Lakini nililala na jicho moya wazi! Ule kijana wa mabakuli akaanza kuniuliza: "Kambo, ku nyumba munakaa na nani? Kuko mutu hamusikilizane?" Nikasimama. Nikavaa viatu. Mulio unapoza muntu, ndiyo, hata ngoma ya hapa inapoza. Lakini mulio hauyue jina ya muntu. Mwenye anakuletea jina, uangalie mukono yake. Mwenye masikio asikie: mumuamini Bwana, ye hasonte jirani yako.

Na juu ya nini nasimama leo? Naomi anakaa mu kartie ya Annexe, na ku ngambo ya ukuta iko mama mumoya kijana wa Kasai, na batoto bake babili. Mu ile parcelle, mu kiwanja yao, bameanza tena. Bale banafanya hivi, bale banafanya vile. Mutoto wa mutu amegonjwa, na banatafuta jina. Naomi alikuya kunielezea, na niliona mu macho yake, kidogo tu, ile mashaka. Niliiyua, ilikuwa yangu.

Njo nilimukalisha juu ya kinu ya Ngalula, nikamuelezea hii yote, sawa nimewaelezea. Aliinuka pale ku kinu. Kisha akanishika mukono, akaniahidi:

"Kambo, siku nitasikia banataja jina yake, ile siku njo nitabeba kopo, nitaenda kumulomba chumvi."